Somo la 7: Alama Nyingi, Karatasi Moja



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza alama za ugonjwa moja moja. Tulijifunza kupima homa, kupima uzito wa mtoto, kuhesabu mapigo ya moyo, na kwa sababu gani infirmieri anachoma kidole na kutoa tone la damu. Leo hatujifunzi alama mpya. Tunajifunza kuzileta alama zote pamoja na kuzichora juu ya karatasi moja, ili macho yaone jambo lisiloonekana katika alama moja peke yake.

Someni polepole. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Mwisho wa somo mko na maulizo.

1. Alama moja ni shahidi mmoja

Mnajua desturi ya baraza kijijini. Mwenye kijiji hakati maneno akiisha kusikia shahidi mmoja tu. Huita wa pili na wa tatu. Huuliza kila mmoja: Uliona nini? Uliona siku gani? Ulikuwa umesimama wapi? Kisha huweka maneno yao pamoja, na mara nyingi jambo linaonekana ambalo hakuna shahidi hata mmoja aliyelijua lote.

Ndivyo ilivyo katika mwili. Homa ni shahidi. Uzito ni shahidi. Damu chini ya mikroskopu ni shahidi. Mahali mtoto anapokaa, bondeni au mlimani, ni shahidi vilevile. Kila shahidi anasema kweli, lakini anasema sehemu yake tu. Mtu akimsikiliza mmoja na kuwafukuza wengine, atakosea, hata kama shahidi yule hakusema uongo.

Ili tuelewe vizuri, tuangalie ugonjwa mmoja wa watoto unaopatikana katika Kongo na katika nchi jirani. Ni uvimbe wa taya unaoitwa limfoma ya Burkitt. Ni kansa. Watu wa kazi mbalimbali walileta alama zao kwa miaka mingi mpaka ukajulikana.

2. Watoto wawili na vitabu vya hospitali

Mwaka 1957 kulikuwa na mganga wa kupasua katika hospitali ya Mulago, mji wa Kampala, nchi ya Uganda. Jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland. Alikuwa na jicho moja tu linaloona, maana lingine alilipoteza kwa ajali alipokuwa mtoto.

Siku moja mganga mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aangalie mtoto mwanamume wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba kuume na kushoto, juu na chini. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Nyuma ya muda mfupi alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Huko akaona mtoto mwanamke mwenye uvimbe wa namna ileile, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe ndani yake pia.

Mtu akiona jambo geni mara moja, hustaajabu. Akiliona mara ya pili, aanze kuandika. Burkitt alifungua vitabu vya hospitali na kutafuta habari za watoto wengine. Akakuta mambo haya: watoto waliovimba taya walikuwa wameandikwa kwa jina moja la ugonjwa, waliovimba tumbo, au figo, au waliosukumwa jicho nje, waliandikwa kwa majina mengine. Lakini alipokusanya habari zote za kila mtoto mahali pamoja, aliona kwamba mara nyingi uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ulikuwa wa mtoto mmoja. Hayakuwa magonjwa mengi. Ulikuwa ugonjwa mmoja wenye milango mingi.

Mwaka 1958 alitangaza habari hizi kwa waganga wenzake. Na wale wanaotazama nyama ya mwili kwa mikroskopu walionyesha kwamba ni kansa ya chembe nyeupe za damu zinazokaa katika matezi.

Angalieni: Burkitt hakuanza na mashini mpya. Alianza na vitabu vilivyokuwa vimekwisha kuandikwa. Kama wale waandishi wa hospitali wasingeandika umri wa mtoto, mahali alipotoka, na sehemu zote zilizovimba, hangepata kitu. Basi infirmieri akikuuliza, «Mama, mtoto ana miaka mingapi? Mnatoka kijiji gani? Ilianza siku gani?» usichoke kujibu. Jibu lako linaweza kumsaidia mtoto wa mwingine usiyemjua.

3. Ramani juu ya ramani

Kisha Burkitt aliuliza: Ugonjwa huu unapatikana wapi? Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa hospitali nyingi za serikali na za misioni katika Afrika, akiuliza, «Je, mmeona mtoto kama huyu?» Majibu yalipofika, aliweka alama juu ya ramani mahali pa kila jibu la ndiyo. Alama zikafanya kama mshipi uliofungwa katikati ya Afrika, toka magharibi mpaka mashariki, na mkia ukishuka kusini kando ya bahari ya mashariki.

Lakini mahali pasipo na alama palikuwa na shida. Je, ugonjwa haupo huko, au hakuna aliyejibu? Kimya si jibu. Kwa hiyo, mwezi wa 10 mwaka 1961, Burkitt alishika njia katika motokari kuukuu pamoja na rafiki wawili, Cliff Nelson na Ted Williams. Huyu Williams alikuwa mganga wa hospitali ya misioni ya Kuluva, karibu na Arua, si mbali na mpaka wa Kongo. Walisafiri majuma kumi, karibu kilometa 16,000, wakishuka mpaka Afrika ya Kusini. Walitembelea hospitali zaidi ya 50, wakiuliza kila mahali.

Sasa sikieni walivyojifunza.

Kwanza walitazama urefu wa nchi. Karibu na ikweta, watoto wa milima inayopita meta 1,500 hawakupata ugonjwa huu. Wakafikiri kwamba sababu ni mlima. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ule ulishuka, hata huko mbali ugonjwa ulipatikana katika nchi ya chini tu. Kama sababu ingekuwa mlima wenyewe, mpaka haungeshuka hivyo.

Pili walitazama baridi. Waliona kwamba ugonjwa hauonekani mahali ambapo mwezi wa baridi kuliko yote unashuka chini ya digrii 16 hivi. Karibu na ikweta, baridi hiyo inapatikana juu milimani tu. Kusini inapatikana hata chini. Basi shahidi wa pili alieleza maneno ya shahidi wa kwanza.

Tatu walitazama mvua. Mahali pa joto lakini pakavu, penye mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka, ugonjwa haukuonekana.

Fikirini karatasi tatu nyembamba zinazopitisha nuru. Moja imechorwa joto, ya pili mvua, ya tatu watoto wagonjwa. Mkiziweka moja juu ya nyingine na kuziinua mbele ya dirisha, mtaona kwamba watoto wamo mahali ambapo joto na mvua vinakutana. Ni mnyama gani anayependa joto na maji pamoja? Hata mtoto wa shule atajibu: ni imbu! Mganga Alexander Haddow, aliyefanya kazi huko Entebbe juu ya magonjwa ya imbu, aliitambua ramani ile kuwa ya namna hiyo.

4. Virusi, malaria, na nyuzi za ndani

Ramani ilionyesha mahali. Haikuonyesha jambo linalofanyika ndani ya mwili. Mashahidi wengine waliitwa.

Mwezi wa 3 mwaka 1961 Burkitt alisema habari zake katika hospitali moja ya London. Mwalimu mmoja wa elimu ya virusi, Anthony Epstein, alikuwamo akisikiliza. Wakapatana kutuma vipande vya uvimbe kwa ndege toka Kampala mpaka London. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Mwisho wa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikashushwa Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Maji ya chupa yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Wengine wangeyamwaga. Epstein aliyatazama kwanza chini ya mikroskopu, naye akaona chembe za uvimbe zikielea, zingali hai. Chembe zile zilikuzwa, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Je, maneno yamekwisha? Hapana. Walipopima damu ya watu wa nchi nyingine, walikuta kwamba karibu watu wazima wote wa dunia wamekwisha kupata virusi hivi, maana vinapita kwa mate. Lakini watoto wa Ulaya ni mara chache sana wapate uvimbe huu wa taya. Basi virusi peke yake havitoshi kueleza. Turudi kwa ramani: nini ipo huku na haipo kule? Ni malaria kali inayorudi mwaka mzima. Siku hizi wenye elimu wanafahamu kwamba malaria inachokoza chembe nyeupe zizidi kuongezeka, na tena inachosha walinzi wa mwili wanaovizuia virusi. Mwaka 2012 shirika la dunia la utafiti wa kansa liliandika kwamba malaria katika nchi inapozidi kabisa huenda ni moja la mambo yanayoleta kansa hii.

Kazi kubwa ilifanyika West Nile, upande uleule wa Kuluva. Kuanzia mwaka 1972 walitoa damu ya watoto zaidi ya 40,000 waliokuwa wazima, wakaiweka kwa barafu pamoja na majina yao. Kisha wakangoja. Wachache walipopata ugonjwa, ile damu ya zamani ilipimwa. Habari zilitolewa mwaka 1978: watoto wale walikuwa na dalili nyingi za virusi hivi katika damu yao mbele ya kuugua, kuliko wenzao. Hivi wakajua nini ilitangulia na nini ilifuata.

Shahidi mwingine alikuwa ndani kabisa. Karibu katika kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu, 46 kwa mtu, zenye maagizo ya kazi zote za mwili. Mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba katika uvimbe huu kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kushikamana na ile ya 14. Mwaka 1982 walijua ni agizo gani lililohama. Ni lile linaloiambia chembe, «Ongezeka.» Limewekwa mahali ambapo halizimwi tena, kama taa isiyo na wa kuizima. Ndiyo sababu uvimbe unakwenda mbio.

Sasa hesabuni mashahidi: vitabu vya hospitali, ramani, joto, mvua, mikroskopu, virusi, damu iliyowekwa, na kromosomu. Siku hizi kompyuta inaweza kuweka mambo haya yote juu ya picha moja kwa rangi mbalimbali. Lakini kompyuta haiwezi kuunganisha alama ambayo hakuna aliyeiandika.

5. Kanuni tano za kuchora

Wazazi, kazi hii si ya wenye elimu kubwa tu. Mnaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi ya mistari ya shule. Shikeni kanuni hizi.

Ya kwanza: Andika siku na mahali kwa kila alama. Siku na mahali ni kamba inayofunga alama pamoja. Alama isiyo na siku ni kama kuni moja nje ya mzigo.

Ya pili: Kila alama iwe na mstari wake, lakini siku ziwe zilezile. Chora siku juu ya karatasi, kisanduku kimoja siku moja. Chini yake chora mstari wa homa, chini yake mstari wa uzito, chini yake mstari wa uvimbe. Usichanganye kilo na digrii katika mstari mmoja. Hivi jicho litashuka toka juu mpaka chini na kuona mambo yote ya siku moja.

Ya tatu: Chagua namna ya kuchora inayofaa alama. Homa na uzito vichorwe kwa nukta zinazounganishwa, maana hupanda na kushuka. Dawa ichorwe kwa mshale siku iliyoanza na siku iliyokwisha. Mahali pa uvimbe, chora umbo la mtoto na kutia alama palipovimba.

Ya nne: Siku usiyopima, acha wazi. Usiandike sifuri, wala usibuni. Sifuri maana yake, «Nilitazama, sikuona.» Wazi maana yake, «Sikutazama.» Hayo ni maneno mawili mbalimbali, na mtu akiyachanganya atamdanganya mganga.

Ya tano: Mambo yanayokwenda pamoja si lazima moja liwe sababu ya lingine. Jogoo anawika na jua linatoka, lakini jogoo hatoi jua. Kumbukeni habari ya mlima. Kwa hiyo ukiona alama mbili zikitembea pamoja, tafuta ya tatu.

6. Mtoto wa mfano

Tuseme kuna mtoto wa miaka sita. Si mtoto wa mtu fulani, ni mfano wa kujifunza. Fishi yake ina mambo haya.

Uzito: mwezi wa 3, kilo 18. Mwezi wa 4, kilo 18. Tarehe 20 mwezi wa 5, kilo 16 na nusu.
Homa: tarehe 2 mwezi wa 5, digrii 38 na nusu. Alipewa dawa ya malaria. Tarehe 5, homa imeshuka.
Meno: tarehe 10, magego mawili yamelegea, hayaumi.
Uvimbe: tarehe 14, shavu limevimba. Tarehe 20, shavu limezidi, na tumbo limekuwa gumu upande mmoja.

Jirani akitazama homa peke yake atasema, «Ni malaria, nayo imekwisha.» Bibi akitazama uzito atasema, «Ni njaa, mpeni uji na samaki.» Mfumu akitazama jino atasema, «Nileteeni nimng'oe.» Kila mmoja ameshika shahidi mmoja.

Sasa chora mistari yote. Homa ilishuka, lakini uzito uliendelea kushuka. Basi malaria haielezi yote. Shavu lilivimba bila maumivu makali, na jipu la jino kwa kawaida linauma sana. Basi jino halielezi yote. Taya na tumbo vimevimba katika majuma mawili tu. Chembe za uvimbe huu zaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Karatasi inasema: Msingoje. Pelekeni mtoto huyu hospitalini leo.

Huko mganga atakata kipande kidogo cha uvimbe kitazamwe kwa mikroskopu, maana karatasi yetu haitoi jina la ugonjwa. Inaonyesha njia tu. Uvimbe ukijulikana kuwa huu, hautibiwi kwa kisu cha kuondoa taya, bali kwa dawa za mshipani, kama siklofosfamidi. Uvimbe huu unakua upesi, na dawa nayo inaushika upesi. Watoto wengi wanaoletwa mapema wamepona kabisa. Mtoto atapewa maji mengi, maana uvimbe ukiyeyuka kwa haraka unaweza kuziba figo.

Na hapa wazazi, fungueni masikio. Shavu linaweza kurudi kama zamani baada ya dawa ya kwanza. Baba atafurahi na kusema, «Amepona, turudi nyumbani, shamba linatungoja.» Jicho linaona shavu tu, lakini ndani chembe zimebaki. Wanaoacha dawa katikati, uvimbe unawarudia, na mara ya pili ni vigumu kuushinda. Kaeni mpaka mganga aseme dawa zimetimia.

Tena, msiogope ovyo. Mtoto wa miaka sita hung'oka meno ya utoto, ni kawaida. Jino moja linalolegea si ugonjwa. Alama zikija pamoja na kuzidi, ndipo kuna neno.

Nyumbani fanyeni hivi: laza watoto ndani ya chandarua kila usiku, tibuni malaria upesi na kumaliza dawa, na tunzeni fishi ya kila mtoto mahali pakavu. Mkija hospitalini, leteni fishi zote, hata iliyochanika, hata ya dispensari nyingine. Msione haya. Karatasi chafu yenye tarehe ni bora kuliko karatasi safi isiyo na neno.

Maulizo

1. Kwa nini alama moja haitoshi kumjua mgonjwa?
2. Burkitt alipata nini katika vitabu vya hospitali?
3. Nani walijua kwamba sababu si urefu wa mlima? Walijuaje?
4. Kama virusi vya Epstein-Barr viko kwa watu wa nchi zote, kwa nini uvimbe huu uko zaidi katika nchi za malaria?
5. Sifuri na mahali pa wazi, tofauti yake ni nini?
6. Shavu likirudi kama zamani baada ya dawa ya kwanza, utafanya nini, na kwa sababu gani?

Kazi ya nyumbani: Chukua karatasi ya mistari. Andika siku 14 juu. Chora mistari mitatu ya mtoto wako mmoja: homa, chakula alichokula, na usiku aliolala ndani ya chandarua. Siku usiyotazama, acha wazi. Lete karatasi hiyo siku ya kupima watoto, tuisome pamoja.